Namba Zako Zinapendeza

9 Januari

Kwa mtoto wa kaka yangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kwa kiasi changu, na nyumba nzima pia, isipokuwa bomba la jikoni limeanza tena kulia kama paka. Jirani wa chini ana mtoto wa kike wa miezi minne, mwenye sauti utadhani kazaliwa na kipaza sauti. Mama yako alinipigia siku ya mwaka mpya, tukaongea mpaka sikio likapata moto. Goti lake bado linamsumbua. Mkeo hajambo? Na mjukuu wangu ameshaanza kusoma, au bado anashika kitabu kichwa chini miguu juu?

Utashangaa kupata barua ya karatasi wakati simu unayo mkononi. Sababu ni wewe. Tangu ile mizani ifike, kwenye simu husikilizi maneno yangu, unasikiliza pumzi zangu. Nikinyamaza kidogo kumeza mate, unadakia, "Shangazi, mbona unahema?" Nahema kwa sababu niko hai! Kwenye karatasi hutasikia kitu. Hapa naweza kupumzika katikati ya sentensi, nikanywa chai yangu, nikarudi, na wewe usijue.

Najua ulifanya kwa wema. Nilipotoka hospitali mwaka jana, daktari aliposema moyo wangu umechoka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanajaa miguuni na kifuani, wewe ndiye uliyehangaika na kliniki mpaka wakaniandikisha kwenye huduma yao ya mbali. Kila asubuhi napanda mizani, nafunga kile kitambaa cha presha mkononi, na namba zinakwenda zenyewe kwenye kompyuta yao na kwenye simu yako. Sikatai. Safari za kliniki zilikuwa zinanimaliza.

Lakini juzi! Niko kwenye gari la shule ya udereva na mwanafunzi, mama mmoja mjane aliyeachiwa gari na marehemu mumewe na hata kuliwasha hajui. Namwita Mama Breki, maana huikanyaga kabla hata hajaona kitu. Yuko kwenye rivasi, jasho linamtoka, simu yangu imeunganishwa na spika za gari, na wewe unapiga. "Shangazi, umeongezeka kilo moja na nusu tangu juzi!" Gari zima limesikia. Mama Breki alicheka, akaachia klachi, tukaenda kulikumbatia pipa la taka.

Usinipigie saa za kazi. Leo nakuomba kwa upole. Siku nyingine sitaomba.

Shangazi yako


21 Januari

Shangazi, shikamoo.

Barua nimeipata, nimeisoma mara mbili. Huku hatujambo. Mtoto anasoma sasa, ila maneno marefu anayaruka. Kazi imenibana. Tumepewa jengo jipya, lifti zake kila moja ina kichaa chake. Wiki iliyopita nilimtoa mwanasheria mmoja aliyekuwa amekwama na keki ya harusi mikononi. Alitoka na keki nzima lakini yeye mwenyewe alikuwa amevunjikavunjika.

Samahani kwa pipa la taka. Kwa hilo tu.

Sasa nisikilize na mimi. Kazini tuna ubao unaoonyesha kila lifti tunayoitunza. Taa ikibadilika rangi, sisubiri watu waanze kugonga milango kwa ndani, naondoka. Ndivyo nilivyozoea. Na baba, kaka yako, unajua alivyotuacha. Siku zote "niko salama, msijali," sauti imenyooka kama rula, na kesho yake tukapigiwa sisi simu. Ni moyo uleule wa kwenu. Kwa hiyo usiniambie nisisikilize pumzi. Pumzi ndiyo kitu pekee ambacho watu wa ukoo wenu hawajui kudanganya nacho.

Nina swali, na nataka jibu. Nimezipanga namba zako zote. Siku za kazi uzito unapanda, polepole, leo kidogo, kesho kidogo. Jumapili ukipumzika unashuka. Kila wiki ni hivyohivyo, unapanda na kushuka kama lifti. Shangazi, kile kidonge cha kutoa maji, siku za kazi unakimeza?

Mama anakusalimu. Sote tunakusalimu.

Mwanao


15 Februari

Wewe,

Mimi si lifti.

Nilianza barua hii mara tatu nikaichana, kwa hiyo leo salamu zitakuwa fupi. Mtoto wa jirani ameota jino. Bomba linaendelea kulia. Mama yako nimempigia. Umeniandikia "sote tunakusalimu," mkeo humtaji. Mwambie anisalimie mwenyewe, mkono anao.

Ndiyo, simezi. Umefurahi?

Nimeze kidonge asubuhi nikiwa na wanafunzi mpaka mchana, unajua maana yake? Kile si kidonge, ni amri. Kikishaingia tumboni, hakuna dakika ya kusubiri foleni ya magari ifunguke. Mwanzoni nilikuwa nawapitisha wanafunzi kwenye kituo cha mafuta, nawaambia tunafanya zoezi la kuegesha. Wakaegesha mpaka wakawa mabingwa. Mhudumu wa pale akaniuliza, "Mwalimu, umefungua ofisi chooni?" Nikacheka naye. Halafu kuna siku moja sikuwahi. Sitaandika zaidi ya hapo.

Na hao wa kliniki? Wananipigia kila wiki, kila wiki sauti nyingine. "Kutoka moja mpaka kumi, unajisikiaje?" Najibu saba. Nimegundua saba ndilo jibu linalomaliza simu haraka. Nikisema tano wanaanza kuuliza mito mingapi nalalia. Nikisema tisa hawaamini. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kidonge kinanikuta wapi. Hakuna aliyeniuliza, "Mama, wewe siku yako ikoje? Unataka kuweza kufanya nini?" Wangeuliza ningewaambia. Nataka kufundisha. Nikiwa kwenye kiti changu cha mwalimu, mguu uko karibu na breki yangu, mtu mzima mwenye ndevu anatetemeka pembeni yangu, na mimi namwambia, "Tulia, gari haliumi," mle ndani mimi ni mimi. Nikishuka, nikianza kupanda ngazi za nyumbani, ghorofa ya tatu, nakaa kwenye kila kituo kama mzigo unaosubiri mwenyewe.

Mama Breki wiki hii ameendesha mpaka sokoni na kurudi bila kugusa kitu. Akazima gari, akalia. Mimi nikaangalia dirishani nikimwachia alie. Hiyo huwezi kuiona kwenye simu yako.

Haya nimekuambia wewe, mtoto wa kaka yangu. Sijaiambia kliniki. Yaishie hapa.

Shangazi


3 Machi

Shangazi, shikamoo.

Nashukuru kwa kuniambia ukweli. Sina muda wa kuandika mengi, kuna kamba za lifti tunabadilisha na kila mtu amenuna. Mtoto hajambo.

Sijalala vizuri tangu nipate barua yako. Unaendesha watu barabarani ukiwa na maji kifuani. Naomba usinichukie. Mambo mengine itabidi yapangwe tu, hata kama hayapendezi.

Mwanao


30 Machi

Kwako fundi wa lifti,

Nyumba iko. Jirani yuko. Mtoto wake yuko.

Jumatatu niliingia ofisini kama kawaida, nikanyoosha mkono ukutani kuchukua funguo za gari langu, nikakuta msumari mtupu. Bosi alikuwa amesimama dirishani, kanipa mgongo. Huyu ni mtu niliyemfundisha mimi kuendesha, kabla hajawa na shule wala tumbo.

"Mwalimu, kaa kidogo," akasema.

"Nitakaa garini. Funguo ziko wapi?"

"Familia imenipigia."

"Familia ipi? Mimi naishi peke yangu."

Akakuna shingo. "Kijana wa kaka yako. Amesema ana namba. Amesema humezi dawa. Mwalimu, ikitokea kitu, mwanafunzi akaumia, mimi nitasema nini? Kwamba nilikuwa sijui? Sasa najua."

Nikamwambia gari lile lina breki upande wangu. Akasema, "Na wewe je, upande wako kuna nini?" Nikachukua mkoba wangu mbele ya mtu niliyemfundisha kubadilisha gia.

Wanafunzi walikuwa kwenye benchi nje. Nimepita mbele yao na mkoba wangu kama mtu aliyefumaniwa. Mama Breki akainuka, "Mwalimu, leo hatuendi?" Nikamwambia leo hatuendi.

Nilikuambia yaishie hapa. Nilikuandikia kwa mkono, kwa wino. Mambo niliyoshindwa hata kumwambia daktari nilikuambia wewe, na wewe ukaenda kuyatangaza ofisini kwangu. Ungenipigia, ungenitukana, ungepanda basi ukaja kukaa mlangoni pangu usitoke, ningekuelewa. Ulichofanya ni kumpigia mwanamume mwenzako mkayamaliza, kama vile mnazungumzia gari lililoharibika.

Mizani nitapanda. Si kwa ajili yako. Nimeizoea tu.

S.


19 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Mama anasema na yeye humpokelei simu. Goti lake limepata nafuu. Mtoto anaulizia lini utakuja. Huku mvua imetuandama.

Sitaomba radhi kwa kukutoa garini. Nimejaribu kuiandika hiyo radhi, kalamu inakataa. Ningeomba radhi kwa jinsi nilivyofanya, nyuma ya mgongo wako, na hilo naliomba. Nilijua nikikuambia utanizungusha kwa maneno mpaka nijione mimi ndiye mgonjwa.

Lakini angalia mwenyewe matokeo. Tangu uanze kupumzika na kumeza kidonge kila siku, uzito umetulia. Presha imetulia. Hakuna siku hata moja simu imelia. Kliniki nao wamenitumia ujumbe kwamba unaendelea vizuri sana. Shangazi, namba zako zinapendeza.

Nijibu hata mstari mmoja.

Mwanao


17 Mei

Shangazi,

Hujajibu barua ya Aprili. Simu yako inaita mpaka inachoka. Sawa, una haki ya kununa. Lakini tangu Jumatano iliyopita hupandi mizani. Nafungua simu asubuhi naona "hakuna taarifa." Kesho yake "hakuna taarifa." Nimewapigia kliniki, nikausikiliza muziki wao wa kusubirisha mpaka nikaukariri, mwishowe msichana mmoja ananiambia, "Kifaa hakipo hewani, pengine ni betri. Taarifa zake za mwisho zilikuwa nzuri, usiwe na wasiwasi."

Kama unanikomoa, nikomoe kwa njia nyingine. Nitukane. Lakini usiuzime moyo wako mbele ya macho yangu ukadhani ni mchezo. Nina watu wananiamini kuning'inia kwenye kamba, nashindwa hata kukaza skrubu kwa sababu nawaza wewe umekaa hapo kwenye kiti chako, mizani iko chini ya kitanda, unacheka.

Huu ni utoto, Shangazi, na mimi na wewe tumekua.

Mwanao


4 Juni

Mwanangu,

Barua yako ya Mei niliikuta imesukumwa chini ya mlango niliporudi nyumbani. Niliisoma nimekaa sakafuni kwa sababu ngazi zilikuwa zimenimaliza. Ile sehemu ya kucheka niliisoma mara mbili.

Sikuwa nacheka. Nilikuwa hospitali.

Nitakueleza taratibu, maana huu mkono bado una alama ya sindano na herufi zinakwenda upande.

Ulisema namba zangu zinapendeza. Ni kweli, zilikuwa zinapendeza kweli. Nilikuwa nameza kila kitu kwa wakati wake, nakaa kwenye kiti cha dirishani, naangalia makutano ya barabara. Nasikia mtu akibadilisha gia vibaya, mguu wangu unakanyaga zulia. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu. Wanafunzi hawakuwa na namba yangu ya nyumbani. Jirani ana mtoto. Kuna wiki nzima watu niliosema nao walikuwa mtu wa kliniki na muuza mkate, na wa kliniki niliongea naye zaidi. "Kutoka moja mpaka kumi?" Saba.

Chakula kikaanza kunikataa. Sikumwambia mtu, nani anamwambia mtu kwamba leo hakujisikia kula? Nikawa nayeyuka mikono na mabega, bangili zinatoka zenyewe. Huku juu nyama inaondoka, kule chini maji yanaingia. Mizani yako haijui tofauti ya nyama na maji! Kilichotoka na kilichoingia vililingana, na kila asubuhi namba ikawa ileile, nzuri kabisa.

Viatu vikakataa kuingia. Nikaanza kulala nimekaa. Nikawapigia kliniki mwenyewe, safari hii sikusema saba. Nikasema, "Miguu yangu imevimba, siwezi kulala chali." Nasikia yule dada anabonyeza. "Mama, kwenye mfumo huku uzito wako haujapanda."

"Sikuulizi uzito. Nakuambia miguu."

"Naelewa mama, lakini kwenye mfumo uko kwenye kijani."

Nikamwambia kijani ni yeye. Nikakata simu. Nikavaa ndala za kuogea, nikashuka ngazi, kila kituo nakaa. Dereva wa teksi aliponiona hakuniuliza naenda wapi.

Kliniki niliwakuta wagonjwa wachache, skrini nyingi. Akanipokea muuguzi mmoja mnene, mwenye haraka, ambaye kabla hujasema jina anakuvua soksi. Wagonjwa wanamwita Mama Soksi. Akakandamiza kidole gumba kwenye muundi wangu, akakitoa. Shimo likabaki. Tukaliangalia wote wawili. Halijai. Akasema, "Mama, nani amekugusa mara ya mwisho?"

Mwanangu, sikukumbuka. Nilikaa pale nikijaribu kukumbuka ni nani aliyenigusa mara ya mwisho, daktari au mtu yeyote, nikashindwa. Ndipo nikalia. Si kwa sababu ya moyo.

Wamenilaza, wamenitoa maji mengi, wamenirudisha. Ndiyo maana mizani ilinyamaza. Nilikuwa kitandani, yenyewe iko nyumbani peke yake, na wewe na kliniki mkakubaliana kwamba ni betri.

Sina hasira kama nilivyokuwa nazo. Nimechoka tu.

Shangazi


15 Juni

Shangazi yangu,

Sina salamu za kuandika. Nimeisoma barua yako kwenye ngazi za jengo ambalo lifti yake nilikuwa naitengeneza, watu wakawa wananiruka.

Nimewapigia kliniki nikapiga kelele mpaka wakanipitisha kwa mkubwa wao. Akaniambia mfumo ulifanya kazi kama ulivyopangwa. Nikamwambia hapo ndipo tatizo lilipo. Akasema watalifanyia kazi. Hata mimi huwa nawaambia hivyo watu waliokwama.

Njoo ukae kwangu. Chumba kipo, jengo lina lifti, na lifti hiyo naitunza mwenyewe. Nitakuwa nakuona kwa macho. Nakuja kukuchukua, nimeshaomba ruhusa kazini.

Na kwa kuwa wewe umenieleza yote, na mimi nikueleze, maana kuna swali uliuliza tangu Januari na kila barua nimelikwepa. Chumba kipo kwa sababu mke wangu hayupo. Amekwenda kwao na mtoto tangu Desemba. Alisema amechoka kula na mtu anayetazama simu. Nilimjibu, "Ni Shangazi, unataka afe?" Akasema, "Sitaki afe. Nataka wewe uwepo." Nikaona ananionea. Ule usomaji wa mtoto nilikuwa nausikia kwenye simu, kama pumzi zako.

Niambie nije lini.

Mwanao


8 Julai

Mwanangu,

Shikamoo yako uliyoisahau naiitikia hivyohivyo: marahaba. Mtoto wa jirani anasimama dede sasa, anashika ukuta kama mimi. Bomba limetengenezwa. Mama yako nimeongea naye, na la mkeo alilijua zamani. Kumbe nyote mlikuwa mnanificha, mimi mwenye moyo mbovu, msije mkaushtua. Ingekuwepo mizani ya ndoa ningeletewa taarifa zako kila asubuhi, na ningekupigia ukiwa juu ya kamba: "Umepungua, umepungua!"

Usije kunichukua. Njoo kunitembelea, hiyo ni sawa. Kuhama sihami. Sitaki kuwa mtu wa ziada kwenye chumba ambacho mwenyewe ametoka kwa hasira.

Sasa nikuambie nilichofanya, na usirushe simu.

Nilirudi kwa Mama Soksi. Nikamwambia yote, mpaka ile siku ambayo sikuwahi. Akaniangalia.

"Kwa nini hukusema kidonge kinakusumbua kazini?"

"Hamkuuliza."

"Mama, tungekihamisha tu. Kimeze baada ya chakula cha mchana, ukiwa umeshamaliza kazi. Kwisha."

Kwisha! Miezi yote hiyo, ugomvi wote huo, funguo kuondolewa ukutani, na dawa yake ilikuwa neno moja la mtu aliyekaa mbele yangu. Nilitaka kumpiga na kumkumbatia. Akasema yeye ana wagonjwa wengi mno kwenye zile skrini na namba zangu zilikuwa nzuri kuliko zake mwenyewe, ndiyo maana hakunipigia. Na yeye alikuwa na hasira. Tukanuna pamoja kidogo, ikatusaidia.

Nimerudi shuleni. Usishtuke, si barabarani. Na hapa nikuambie jambo nililomnyima kila mtu. Siku chache kabla Bosi hajaondoa zile funguo, kwenye mzunguko mkubwa, macho yangu yaliingia giza. Nilipozinduka gari lilikuwa limesimama. Mama Breki ndiye aliyekanyaga. Akaniuliza, "Mwalimu, nimekosea?" Nikamwambia umefanya vizuri. Kwa hiyo ulikuwa sahihi, na bado nina hasira na wewe, na hayo mawili yanakaa ndani yangu bila kugombana. Asubuhi nafundisha alama na sheria za barabarani, nimekaa, ubao uko nyuma yangu, choo kiko hatua chache. Bosi ananibebea kiti mwenyewe. Sipendi kama gari. Lakini wanaume wenye ndevu bado wanatetemeka.

La mwisho. Mizani bado naipanda, na siku mbili kwa wiki muuguzi anapita kunibonyeza miguu na kuniuliza nimekula nini, nimecheka na nani. Namba zinakwenda kwake. Kwako haziendi tena. Nimeenda kliniki mwenyewe, nikasaini, wakakutoa. Ukifungua simu yako hutaona kitu, na si betri.

Muuguzi ninaye. Mtoto wa kaka yangu ndiye niliyempoteza, na namtaka.

Nenda kamfuate mkeo. Simu iache nyumbani.

Shangazi yako


1 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Nilikasirika. Sitakuficha. Wiki ya kwanza nilikuwa naamka, nafungua simu, naona mahali pako pako patupu, naifunga, naifungua tena. Niliwapigia kliniki wanirudishe. Mama Soksi mwenyewe akapokea. Akasema, "Mgonjwa amekataa. Kama unataka kujua hali yake, muulize." Akanikatia. Nimempenda na kumchukia kwa wakati mmoja.

Nimekwenda kwa wakwe. Simu niliiacha kama ulivyosema, nikapotea njia mara mbili. Mke wangu alinifungulia mlango, akatazama mikono yangu kwanza. Hajarudi. Amesema niwe nakuja Jumapili, tuone. Jumapili iliyopita mtoto alinisomea ukurasa mzima, nikagundua haruki maneno marefu kama nilivyokuandikia. Anasimama, anayatazama, anavuta pumzi, ndipo anayasema. Kwenye simu nilikuwa nasikia ule ukimya nikadhani ameyaacha.

Nimepata likizo mwishoni mwa mwezi. Nitakuja na begi dogo tu. Sitakagua kabati lako kutafuta chumvi uliyokatazwa. Nikishindwa kujizuia, unitoe nje.

Nimekaa hapa tangu asubuhi nikijaribu kuanza barua hii, na kilichonishinda ni salamu. Miezi yote nilikuandikia nikiwa najua ulivyoamka, umeongezeka au umepungua, moyo umedunda mara ngapi. Leo sijui. Sijui kama umelala, kama umekula, kama miguu imeingia kwenye viatu, kama leo kuna mwanafunzi aliyekuchekesha. Sijui chochote kabisa, na naogopa, na nakuuliza.

Hujambo, Shangazi?

Mwanao